Jinsi ya Kusikiliza Rekodi za Muziki wa Jadi wa Milima ya Andes

Wenzangu wanaponiuliza waanzie wapi kusikiliza muziki wa jadi wa Andes, huwashauri waziweke kando kwanza zile albamu za filimbi laini zilizochanganywa na milio ya ndege na mawimbi, kisha watafute rekodi zilizofanywa vijijini, mahali ambapo watu walikuwa wakipiga muziki kwa sababu kuna harusi au sikukuu ya mtakatifu wao. Rekodi hizo zina vumbi, kelele na vicheko, na ndizo zinazofundisha sikio.

Mfano mzuri ni zampoña, ala ya mirija ya mwanzi iliyofungwa kwa safu, ambayo kila mrija wake hutoa noti moja tu. Kwa desturi ya Waaymara na Waquechua wanaoishi kuzunguka Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, ala hiyo hugawanywa katika nusu mbili, ira na arka, kila moja ikiwa na mpigaji wake, na noti hupangwa kwa kupishana hivi kwamba hakuna mtu awezaye kupiga wimbo mzima peke yake. Aliyewahi kusikia makondere ya Bunyoro nchini Uganda, ambako kila pembe huchangia sauti yake kwa zamu, ataelewa haraka. Kwa hiyo vaa vipokea sauti vya masikioni, uchague nusu moja, na uifuate hiyo tu hadi mwisho. Kisha rudia rekodi ileile ukiifuata nusu ya pili. Ni zoezi la kuchosha, lakini kwangu halijapatikana jingine linaloufungua muziki huu kwa kiasi hicho.

Kundi zima linapopuliza, zampoña kubwa na ndogo hupiga wimbo uleule kwa pamoja zikitofautiana kwa oktavu, yaani noti zilezile nyingine juu na nyingine chini, na sauti hujaa mtetemo ambao msikilizaji mgeni hudhani ni kukosa ulinganifu. Unene huo wa sauti unatafutwa kwa makusudi. Vivyo hivyo, wimbo mfupi hurudiwa mara nyingi kwa sababu watu wanacheza, usiruke mbele. Hata pale sauti inapofifia taratibu mwishoni, mara nyingi ni uamuzi wa mhariri wa sauti, si wa wapigaji.

Ninasisitiza pia kusoma maelezo ya rekodi, hasa mahali na mwezi. Katika jamii nyingi za nyanda za juu za Bolivia ala hufuata majira: filimbi za pinkillu na tarka ni za msimu wa mvua hadi Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, ilhali zampoña ni ya kiangazi. Shirika la Smithsonian Folkways hutoa vijitabu vya albamu zake bure mtandaoni, na humo utaikuta kazi ya John Cohen, Mmarekani aliyerekodi nchini Peru katika miaka ya 1960. Wimbo mmoja wa harusi alioupata huko, usiofikia dakika moja, uliwekwa kwenye santuri iliyopakwa dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977.

Bendi za mjini zisikilizwe pia, ila kwa kujua zilikotoka. Muundo wa kena (filimbi ya wima), charango (ala ndogo ya nyuzi kama gitaa), gitaa na ngoma ya bombo, ambao wengi huuita muziki wa Andes, ulienezwa na makundi ya jukwaani kama Los Jairas ya La Paz katika miaka ya 1960, na humo mara nyingi mtu mmoja hushika nusu zote mbili za zampoña. Ni mzuri, lakini umetengenezwa kwa hadhira iliyokaa vitini.

Sikio likichoka na filimbi, hamia kwenye huayno, nyimbo za dansi za Peru zinazopigwa kwa kinubi na fidla, ala zilizoletwa na Wahispania. Ngazi yake ya noti tano huwafanya wengi waseme ni muziki wa huzuni, ingawa watu wanaoucheza hupiga miguu chini kwa nguvu. Katika maandamano, mpiga kinubi hukigeuza na kukiweka begani huku akitembea na kupiga. Basi sauti ikikaribia, ikapita na kutoweka, usianze kukagua spika zako.