Antena Kwanza, Wati Baadaye

Wiki iliyopita mpwa wangu alipita nyumbani hapa Moshi kuniaga. Amepata kazi kwenye boti ya mizigo, Dar es Salaam na Unguja. Akanionyesha redio ya mawasiliano ya VHF (masafa ya juu sana) ya mkononi, wati 5. "Mjomba, muuzaji kasema inafika maili 20."

Nikamtoa nje, uani. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imefunguka, haina wingu. Nikamwambia, ukiwa kule kileleni nitakusikia hapa bila shida. Shuka nyuma ya kilima kimoja tu, umepotea. VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, na baharini kilima ni mviringo wa dunia yenyewe.

Hesabu yake nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 2.25, upate maili za baharini. Fanya hivyo kwa kila chombo, kisha jumlisha. Boti mbili zenye antena mita 4 juu ya maji husikizana kama maili 9 za baharini. Ukiwa umeshika redio mkononi ndani ya mtumbwi, mita 1 tu, boti ileile itakusikia kwenye maili 7 hivi. Wati 25 za redio ya chomboni husaidia sauti iwe safi, ila upeo wa macho hausogei.

Halafu kuna lililonikuta mwenyewe. Usiku, kati ya Mafia na Kilwa, injini ilizima. Kwenye chaneli 16, ile ya wito na dharura, tuliwasikia wenzetu vizuri kabisa, sisi hatujibiwi. Kila nikibonyeza kitufe, mwanga wa kioo unafifia. Kupokea hula umeme kidogo sana. Kutuma kwa wati 25 hula ampea 5 hivi, na betri zetu zilikuwa zimechoka. Kulipokucha nikafungua plagi ya antena: kijani tupu, chumvi imeila. Tuliokolewa na jahazi lililopita karibu, likatuvuta.

Kwa hiyo usiondoke bandarini kabla hujaita chombo kingine kilicho mbali kidogo na kuuliza anakusikiaje. Tazama volti wakati unatuma, si wakati umekaa kimya. Plagi isafishe, ikaushe, izungushie tepu ya mpira. Mkienda mbali na pwani VHF haitoshi. Hapo inatakiwa redio ya masafa ya kati (MF) au ya juu (HF), zinazofika mbali zaidi, au simu ya setilaiti, na boya la dharura la 406 MHz, linalotuma ishara ya kuomba msaada kupitia setilaiti.

Jana kanitumia ujumbe: mlingoti wao una mita 7, antena wameifunga kwenye paa la chumba cha nahodha, mita 3. Nimemwambia amwombe nahodha waipandishe kabla ya safari ya Ijumaa.