Kwa wanaoanza kazi maabara: hesabu ya chembe za damu haitulii

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika maabara za hapa Mwanza, jambo ninalotaka mlishike mapema ni kwamba hesabu ya chembe za damu ya mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka, na karatasi inayotoka kwenye mashine huisemea saa ile tu damu ilipotolewa.

Katika mwaka wangu wa kwanza alikuja kijana mbeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kupimwa afya kwa ajili ya ajira. Alifika saa nane mchana akihema, shati limelowa jasho, nami nikamtoa damu palepale. Chembe nyeupe zilisoma 12,600 kwa mikrolita, wakati kikomo chetu cha juu kilikuwa 11,000, nikamwambia, kabla hata daktari hajaiona karatasi, kwamba ana maambukizi. Alilala na hofu niliyompa mimi. Asubuhi yake mkuu wangu alimwita, akamketisha robo saa, akampima upya: 6,300. Kazi nzito huzibandua chembe nyeupe zilizojishikiza kwenye kuta za mishipa zikaingia katika mkondo wa damu, na hata bila kazi, kwa watu wengi huwa nyingi alasiri kuliko asubuhi.

Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo idadi yake halisi hubadilika polepole. Hata hivyo mtu aliyesimama foleni muda mrefu husoma hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ya juu kidogo kuliko aliyelala, kwa kuwa sehemu ya maji ya damu yake imehamia kwenye nyama za miguu.

Kuhusu viwango vya kawaida, kumbukeni kwamba hupangwa vikawatosha watu 95 kati ya 100 wenye afya, na watano wanaobaki nje nao ni wazima. Kwetu hili lina uzito zaidi, maana Waafrika wengi hawana alama ya Duffy, aina ya protini, kwenye chembe zao nyekundu, na neutrofili zao, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, huwa chache kwa asili bila ugonjwa wowote. Eosinofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo, ni habari nyingine: kwa mvuvi au mtu anayeoga ziwani, zikiwa nyingi msiseme ni mabadiliko ya kawaida, kwani kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaopatikana majini, kipo.

Andikeni saa ya kutoa damu na hali aliyokuja nayo mtu, kisha itafuteni karatasi yake ya zamani kwenye faili. Mtu ambaye kwa miaka mitatu amekuwa na chembe nyeupe 3,800 hanishtui. Anayenifanya ninyanyue simu kumpigia daktari ni yule wa 4,500 kila mara, ambaye leo, asubuhi na akiwa ametulia, amesoma 10,500, ingawa mashine haikumwekea alama yoyote.