Re: Botox kabla ya harusi wiki ijayo

Shoga, umeuliza kama hiyo Botox anayotaka kukuchoma dada wa saluni ina madhara, na harusi ya mdogo wako ni wiki ijayo. Mie nakwambia ngoja kwanza. Ile ni sumu ya bakteria, inachomwa kidogo sana, inazuia neva isiamrishe msuli ndo makunyanzi yanalala, lakini haishiki siku ile ile, inaanza siku ya 3 au 4 na mpaka ikae sawa ni kama wiki 2, kwa hiyo harusini unaweza kwenda na alama za sindano na kichwa kinauma. Mie nlichoma Dar, kope ya jicho la kushoto ikalegea ikashuka, wiki 4 navaa miwani hata ndani, nlilia wallahi. Ikarudi yenyewe maana dawa inapungua nguvu kidogo kidogo, mpaka inaisha baada ya miezi 3 au 4 hivi. Ukiwa na mimba au unanyonyesha usiguse. Na ukishachomwa ukaona tabu kumeza au kupumua, hata zikipita siku kadhaa, usingoje kukuche, kimbilia hospitali ya Mnazi Mmoja. Huyo dada muulize chupa kaitoa wapi na anaiweka friji gani, umeme wenyewe unakatika hivi, na kama si daktari asikuguse uso.