Maswali yenu ya afya: Nataka njia ya uzazi wa mpango isiyonisumbua

SWALI: Dada shikamoo. Mimi Mama Nasri wa Mbagala, nina miaka 29 na watoto wawili, huyu wa pili ana miezi minane na bado ananyonya. Baada ya wa kwanza nilichoma sindano ya miezi mitatu, mwanzoni nikawa naona matone ya damu hayaishi, baadae damu ikakata kabisa, nikanenepa mpaka madera yakaanza kunibana, alafu nilivyoacha nikakaa karibu mwaka ndo nikashika mimba. Sasa hivi nahesabu tarehe na nikiona nimekosea nanunua P2 duka la dawa, mwezi uliopita nimemeza mara tatu. Siku zangu zimesharudi, zinakaa siku nne, sio nzito ila tarehe zinarukaruka. Rafiki yangu kaweka kijiti anablidi mwezi mzima, mama mkwe anasema lupu inapanda mpaka kwenye moyo. Juzi kliniki presha yangu ilisoma 145/95, hawakuniambia kitu. Mimi na baba Nasri tunataka tupumzike kama miaka mitatu. Nipe njia moja tu isiyo na madhara.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Njia isiyo na maudhi hata kidogo kwa kila mwanamke haipo, nakwambia mapema ili usije ukazunguka vituo vyote vya Temeke ukiitafuta. Ila ipo njia ambayo maudhi yake wewe unayaweza, na barua yako imenipa karibu kila kitu ninachohitaji ili kuipata.

Naanza na presha kwasababu hiyo ndo imenishtua. 145/95 sio namba ya kuachwa hivihivi, rudi upimwe tena siku nyingine ukiwa umekaa na kupumzika angalau dakika tano, maana kipimo kimoja hakitoshi kusema una presha. Lakini mpaka hapo ijulikane, vidonge vya majira vya kawaida, vile vyenye homoni mbili, usiviguse, mtu mwenye presha kuanzia 140/90 hashauriwi kuvitumia kwasababu vinamuongezea hatari ya kiharusi na damu kuganda. Na dukani hakuna atakayekupima presha kabla hajakuuzia, ndo maana nawasisitiza kila siku muanzie kituoni.

Sindano tuiweke pembeni pia. Yale uliyoyapitia ni maudhi yake yanayojulikana, matone, damu kukata, uzito kupanda. Damu kukata kwa sindano haina shida, haimaanishi kuna uchafu umejikusanya tumboni kama watu wanavyosema, ni kwamba ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba hivyo hakuna cha kutoka. Na ule mwaka wa kusubiri mimba haukuwa ugumba, uzazi huwa unachelewa kurudi baada ya sindano, wengi inawachukua miezi tisa kumi tangu ile ya mwisho na wengine zaidi. Kwa mtu anayejua anataka mtoto baada ya miaka mitatu mimi siipendi.

Sasa hiyo kalenda na P2. Kuhesabu siku kunamfaa mwenye mzunguko unaokaa kati ya siku 26 na 32 kila mwezi, hapo wanaepuka kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19 au wanavaa kondomu. Wewe unanyonyesha na tarehe zinaruka, utahesabu nini? Na kinga ya kunyonyesha pia ilishaisha, ile ni kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, ananyonya tu bila uji wala maji, na mama hajaona siku zake, vyote vitatu kwa pamoja. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, unaiwahi ndani ya masaa 72 baada ya tendo na kadri unavyochelewa ndo inavyopungua nguvu, haitakuharibu kizazi ila kuimeza mara tatu kwa mwezi kunazidi kuvuruga hizo tarehe na mimba inaweza kuingia vilevile. Kwahiyo kabla hujawekewa chochote omba kipimo cha mimba.

Mimi ningekuwa wewe ningeweka lupu ya kopa, yaani ya madini ya shaba, inayokaa ndani ya kizazi. Haina homoni kabisa, kwahiyo haigusi presha, haikuneneshi, maziwa ya mtoto hayapungui, inakaa mpaka miaka 10 lakini ukiitaka itoke baada ya mitatu inatoka na uzazi unarudi palepale. Waambie wakuoneshe kabla hawajaiweka, ni kiplastiki chenye umbo la T, urefu wake hata sentimita nne haufiki, kimezungushiwa waya mwembamba wa kopa, na chini kina nyuzi mbili ambazo nesi anazikata zibaki fupi kwenye mlango wa kizazi. Juu ya kizazi hakuna njia ya kwenda kwenye moyo, mwambie mama mkwe kwa heshima zote. Kinachoweza kutokea ni lupu kutoka yenyewe, hasa miezi ya mwanzo, au mara chache sana kutoboa kizazi wakati wa kuwekwa, ndo maana inawekwa na mtu aliyefundishwa na wewe unarudi kuangaliwa baada ya wiki tatu mpaka sita.

Maudhi yake ni haya, siku zako zitakuwa nzito na tumbo litakata zaidi, miezi mitatu mpaka sita ya kwanza, baadae kwa wengi inatulia. Wewe unablidi siku nne tena kidogo, ndo maana nasema utaiweza. Angekuwa mtu anayebadilisha pedi kila saa na damu yake iko chini nisingemwambia hivi. Na kama una uchafu unaonuka au maumivu chini ya kitovu sema, utibiwe kwanza.

Ukiona lupu moyo hautaki, kijiti. Kipo cha kimoja cha miaka mitatu, kama njiti ya kiberiti hivi, na vile viwili vya miaka mitano, unachomwa ganzi mkononi na kinaingizwa chini ya ngozi. Kina homoni moja tu kwahiyo hata wa presha kama yako anatumia. Shida ni hiyo ya rafiki yako, damu isiyo na ratiba, na hakuna anayeweza kukuambia kabla kama itakupata. Mwambie asikae nayo nyumbani kimya, arudi, kuna dawa za kupunguza hiyo damu, na akichoka kabisa wakitoe. Kutolewa ni haki yake siku yoyote hata kama muda haujaisha, akizungushwa amuone mganga mfawidhi. Vituo vya serikali huduma hii ni bure, kuweka na kutoa.

SWALI: Habari dada. Mke wangu ana kijiti, ameanza dawa za TB wiki iliyopita. Kuna shida? Baba Tumaini, Tandika.

JIBU: Ndio kaka, umeuliza kwa wakati. Ndani ya hizo dawa kuna rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, inaifanya homoni ya kijiti iishe haraka mwilini na mimba inaweza kupita. Dawa asiache hata siku moja. Kijiti kinaweza kubaki, ila nyie tumieni kondomu miezi yote sita ya dozi na wiki nne baada ya kumaliza, au ahamie lupu au sindano, hizo mbili rifampisini haizisumbui. Mueleze nesi wa kliniki ya TB leo hii kwamba ana kijiti, wengi hawaulizi.