Mnaoanza kuandika programu za desktopu: erori unaidaka wapi, na nani aambiwe

Wadogo zangu, wengi wenu mnatokea kwenye webu, kule kitu kikigoma mtu anarifreshi ukurasa maisha yanaendelea, na seva ni yako, logi unazisoma mwenyewe umekaa. Huku programu ipo kwenye mashine ya mtu, tuseme duka la dawa huko Kahama, Windows hujui ilisasishwa lini, antivairasi hujui imezuia folda gani, umeme unakatika katikati ya mauzo, alafu taarifa pekee utakayopata ni simu: "programu yako imekataa". Imekataa nini? Hamna anayejua.

Kwahiyo kabla hujaandika try hata moja (kipande cha kodi unachokilinda, na catch ndio inayodaka erori ikitokea humo), jiulize kwa kila erori, nani anaweza kufanya kitu hapa? Kuna erori ambazo mtumiaji anazimaliza mwenyewe, karatasi imeisha kwenye printa, flashi imechomolewa, bei kaiandika kwa herufi. Kuna ambazo programu inazimaliza bila kumsumbua mtu, mfano SQLite, databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja, ikirudisha SQLITE_BUSY ni kwamba kuna mwingine kaishikilia databesi, subiri kidogo ujaribu tena, na mara nyingi wala huandiki chochote, unaweka seti yake PRAGMA busy_timeout ya milisekunde 5000 inasubiri yenyewe. Zilizobaki ni bagi zako wewe, yaani makosa ya kodi yako, NullReferenceException (umetumia kitu ambacho hakipo) na ndugu zake. Hapo mtumiaji hana la kufanya, programu nayo haina la kufanya, kinachotakiwa ni erori ikufikie wewe ikiwa nzima nzima.

Ukilishika hilo utaona catch unazohitaji ni chache sana. Wengi wanaoanza wanazungushia try kila funksheni alafu ndani ya catch hawaweki kitu, eti isikrashi. Aisee hiyo tabia siipendi kabisa, ni sawa na fundi anayekata waya wa taa ya oili kwenye dashibodi ili isiwake. Programu inatembea vizuri tu, risiti imetoka, mauzo hayajaingia kwenye databesi, stoo haijapungua, mwisho wa mwezi mahesabu yanagoma na mwenye duka anaanza kumtazama vibaya muuzaji. Bora ife palepale kwa kelele. Funksheni za chini ziache zirushe erori, daka juu kule mtumiaji alikobonyeza, maana pale ndio unajua alikuwa anataka kufanya nini. Mauzo na kupunguza stoo viweke kwenye transaksheni moja ya databesi, umeme ukikata vinaingia vyote au haviingii vyote. Na kwenye C# ukidaka ukataka kuirusha tena andika throw; peke yake, ukiandika throw ex; unafuta njia erori iliyopitia na utabaki unaukodolea macho mstari wa catch yako mwenyewe.

Alafu kuna wavu wa mwisho, wa zile zilizokuponyoka. WPF, ile ya kutengenezea skrini za Windows kwa C#, inayo DispatcherUnhandledException lakini hiyo inaona thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) ya skrini tu, thredi zingine unahitaji AppDomain.CurrentDomain.UnhandledException, ambayo haizuii programu kufa, inakupa tu nafasi ya kuandika logi kabla haijafa. Mtego mkubwa ni Task, kazi za pembeni, usizozisubiri kwa await, tangu .NET 4.5 zikifeli haziangushi programu, zinapotea kimya kimya. Wa Python nyie mna sys.excepthook, inayoitwa erori isipodakwa, na kuanzia 3.8 kuna threading.excepthook kwa ajili ya thredi. Kwenye PyQt5, maktaba ya skrini ya Python, hiyo ya kwanza usiisahau, bila kuiweka eksepsheni (erori iliyorushwa) moja ndani ya sloti, funksheni inayoitwa mtu akibonyeza kitu, inaangusha programu nzima. Ila wavu usiugeuze godoro, mtu anaweka Handled = true (kusema erori imeshashughulikiwa, endelea) kwa kila kitu, hiyo ni catch tupu ileile imevaa suti.

Meseji kwa mtumiaji nazo. "Object reference not set to an instance of an object" muuza dawa aifanyie nini sasa? Anachotaka kujua ni kazi yake imepona au haijapona na abonyeze wapi. "Risiti haijatoka. Mauzo yamehifadhiwa. Weka karatasi, kisha bonyeza Chapa Tena." Inatosha. Pembeni weka kanamba kafupi ka erori, kitu anachoweza kukusomea kwenye simu bila kuhangaika na Kiingereza.

Logi usiiandike kwenye Program Files, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, tumia %LOCALAPPDATA%, folda ya mtumiaji mwenyewe ndani ya AppData. Andika toleo la programu, toleo la Windows, alikuwa anafanya nini, na eksepsheni yote pamoja na zile za ndani yake. Majina ya wagonjwa na nywila usiweke. Wekea faili kikomo cha ukubwa, alafu tengeneza kitufe kinachokusanya logi zote kuwa zipu moja, mtu akutumie kwa WhatsApp, maana kumuelekeza mtu kwa simu aifungue folda ya AppData ambayo imefichwa, mtagombana.

Mwisho kabla hujamkabidhi mteja, ivuruge mwenyewe. Badili jina la faili la databesi, zima printa, chomoa waya wa umeme wakati inahifadhi, jaza diski mpaka isibaki nafasi. Hii ya diski kujaa ifanye kweli, kwasababu logi nayo inashindwa kuandika, na ikirusha eksepsheni ndani ya wavu wa mwisho programu inakufa bila hata neno. Hapo ndio sehemu pekee nakubali catch tupu, na hata hapo jaribu kwanza kuandika kwenye Event Log ya Windows, daftari lake la matukio, ila chanzo chake (jina la programu yako humo) kisajili wakati wa kuinstoli kwani kinahitaji ruhusa ya admini.