Gia boksi inachemka nikivuta boti

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Prado ya otomatiki ambayo karibu kila mwisho wa mwezi naitumia kuvuta boti ya fiba ya futi 18 kutoka Mbezi Beach hadi Bagamoyo. Mara mbili sasa taa ya joto la oili ya gia boksi imewaka nikiwa kwenye foleni ya Tegeta, ilhali mshale wa joto la injini ulikuwa katikati kama kawaida. Fundi wangu anashauri niweke oili nzito zaidi. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Ndugu msomaji, katika hilo usimsikilize. Oili ya gia boksi ya otomatiki, ambayo mafundi wetu wengi huiita haidroliki, hailainishi tu. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini, inayokaza klachi za ndani na inayoondoa joto, na ndiyo maana aina yake hutajwa na mtengenezaji katika kitabu cha gari. Ukiweka nyingine kwa sababu tu ni nzito, gia zitachelewa kushika, klachi zitateleza, na joto litaongezeka.

Barua yako yenyewe imetuonyesha chanzo: taa iliwaka kwenye foleni, si barabara ilipokuwa nyeupe. Kati ya injini na gia boksi kuna konveta, yaani ngoma iliyojaa oili, ambamo pangaboi moja huisukuma oili na jingine husukumwa nayo. Gari likishika mwendo, klachi iliyomo humo hufunga na pande zote mbili huzunguka pamoja. Lakini unapovuta mzigo mzito polepole, upande wa injini huzunguka haraka kuliko upande wa gia boksi, na nguvu inayopotea hapo hugeuka joto. Mshale wa injini hauwezi kukuonya, kwa kuwa unapima maji ya injini. Oili ya gia boksi kwa kawaida hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi, na ikipita 120 huanza kuharibika upesi.

Hatujui unaitoaje boti majini, lakini tunahofia kuwa madhara makubwa zaidi hutokea huko kuliko Tegeta. Ukikanyaga mafuta mchangani huku gari halisogei, konveta huchemsha oili kwa muda mfupi sana. Weka mkono wa pili wa gia, yaani ule wa four-wheel, kwenye L (gia nzito) kabla ya kuanza kuvuta, kwa sababu gia hiyo hupunguza sana mzigo unaoifikia konveta.

Njiani, zima O/D (ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa) ili gia zisipande na kushuka kila mara. Foleni ikisimama kwa muda mrefu, vuta breki ya mkono, weka N na uache injini ikiunguruma. Ukiizima, pampu ya oili nayo husimama na oili moto hubaki palepale. Taa ikiwaka, fanya vivyo hivyo kando ya barabara mpaka izime.

Kwa mzigo wako, tunashauri pia ufunge kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye kipoza, ndipo irudi. Kinunue kipya: kilichotolewa kwenye gari ambalo gia boksi yake imekufa huweza kuwa na chembe za chuma ambazo hazisafishiki. Badilisha na oili sasa, kwani imeshachemka mara mbili. Ikitoka na rangi ya kahawia na harufu ya kuungua, imeshachoka, na ikiwa ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia na usiliendeshe gari kabla halijatengenezwa. Wanaojaza rejeta maji ya kisima, ambayo kwa maeneo mengi ya Dar es Salaam yana chumvi, hukaribisha wenyewe kutu inayotoboa rejeta kwa ndani na kuyaruhusu maji kuingia kwenye oili.

Na kabla ya kufunga tela, fungua kizibo cha chini ya boti: lita 100 za maji ya mvua yaliyotuama humo ni kilo 100 unazozivuta bure hadi Bagamoyo.