Shamba lenye miti nyuma ya Malindi: uliza miti ni ya nani

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara mtu aliyeishi Uingereza miaka mingi kurudi na kununua ekari 10 za shamba lenye miti baina ya Kakuyuni na Jilore, ajenge nyumba ya kustaafia na awinde paa kama alivyokuwa akiwinda babu yake. Mimi nilinunua ekari 6 pande hizo miaka 12 iliyopita, na hadi leo naishi hapo.

Nianze na uwindaji, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Paa aliyelala chini ya mwembe wako si wako, hata kama hati ya shamba ina jina lako. Na nguruwe mwitu akikufukulia mihogo, unatakiwa uwaite askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, si kumtegea. Tena Jilore imepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na humo yumo paa nunga, ambaye dunia nzima hapatikani ila Unguja na katika misitu ya pwani yetu. Katika mwaka wangu wa pili nilikuta shambani mtego wa waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye mche uliopindwa, kitanzi kikining'inia juu ya kijia cha paa kwa kimo cha goti, na waya wenyewe umepakwa udongo usimeremete. Niliukata na kuupeleka kwa mzee wa kijiji siku ile ile, maana ungekutwa kwangu, wa kwanza kuulizwa ningekuwa mimi. Bunduki iache huko huko.

Lililo zito zaidi ni miti. Katika mila za pwani, ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwingine, kwa sababu aliyepanda ndiye mwenye mti. Mimi nilifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, hati ikatoka safi, nikalipa, nikajiona mjanja. Msimu wa korosho ulipofika nilimkuta bibi mmoja na wajukuu wake watatu chini ya mikanju, pakacha limekaribia kujaa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Ile mikanju 19 na minazi 7 ilipandwa na marehemu mumewe kwa ruhusa ya mwenye ardhi wa kwanza, na aliyeniuzia alilijua hilo akanyamaza. Tulikaa na wazee siku mbili. Nililipia minazi, nayo mikanju nikamwachia aendelee kuvuna maisha yake yote, jambo ambalo sikujutia, kwani tangu siku hiyo hakuna aliyenikatia hata ufito.

Kwa hiyo, kabla ya kumwona wakili, litembee shamba kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote nne, na kila mti wa matunda uulizie mwenyewe. Tazama pia chini ya mibuyu, kwa kuwa huenda pana makaburi. Kama kuna fidia ya miti, iandikwe katika mapatano kwamba muuzaji ataimaliza kabla hujampa salio, na mkewe atie saini ya kukubali, asije akazuka baadaye akidai hakushirikishwa.

Upande wa sheria, ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lake sharti lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kufanywa kwa mapatano. Kama ulipochukua pasi ya Uingereza uliupoteza uraia wa Kenya, omba kwanza kuurejesha, jambo ambalo Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu aliyezaliwa raia. Asiye raia hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kwa ardhi ya kilimo bodi haitamkubalia kabisa. Mpima ardhi mtafute wako, si wa dalali, akuonyeshe vigingi vyote huku majirani wakitazama.

Kuhusu ujenzi, makuti yanapendeza na nyumba hukaa baridi, lakini utayabadilisha kila baada ya miaka michache, na boriti usizozitia dawa zitaliwa na mchwa kabla hujahamia. Mimi nilipiga mabati sehemu ya nyuma ili nivune maji ya mvua, kwa sababu kisima nilichochimba kilitoa maji ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Njoo wakati wa kaskazi, mwezi wa pili, visima vinapokuwa chini kabisa, uombe kata ya maji kwa jirani na uyaonje mwenyewe.